Kiazi cha Kona ya Watoto

Kijiko kiligonga ukingo wa kikombe gizani, mara moja, kisha kikaanza kuzunguka. Nilikuwa macho tayari. Mume wangu alikuwa jikoni akikoroga chai yake ya alfajiri bila kuwasha taa, na alikoroga kama mtu anayetafuta kitu kilichozama chini ya kikombe. Sukari ilikuwa imekwisha kuyeyuka. Kijiko kiliendelea tu, kikagusa huku, kikagusa kule, mpaka nikatamani kuinuka nikamshike mkono. Sikuinuka. Ndivyo tulivyokuwa tunaishi siku hizo: yeye hakuwasha taa ili asiniamshe, nami nilijifanya nimelala ili asijue kwamba ameshaniamsha.

Zamani alikuwa mtu wa makelele. Ni seremala, na hata randa aliipiga kwa wimbo. Majirani walikuwa wakisema Baba Chiriku akipiga chafya, mtaa mzima unasema pole. Chiriku ni binti yetu. Bibi yake alimpachika jina hilo kwa kuwa alianza kusema kabla hajajua kusimama, na tangu aanze hajanyamaza. Kisha akaja wa pili, wa kiume, akaja kabla ya wakati wake kama mgeni aliyekosea siku. Alikaa nasi kwa muda ambao hata kuuhesabu ni kuuonea, akaondoka kabla hatujakaa kumchagulia jina. Tulimzika mwisho kabisa wa makaburi, kwenye kona ya watoto, pale ambapo ardhi haijawahi kulimwa na kichaka kinaanza. Baba yake alimchongea kibao cha mti mgumu, akakipiga msasa mpaka kikawa laini kama shavu, akakisimamisha kikiwa kitupu. Angeandika nini?

Tangu hapo nyumba yetu ikaingia ububu. Si kwamba hatukusema. Tulisema habari za unga, za bomba linalovuja, za viatu vya Chiriku vilivyoanza kumbana. Chiriku tulimwambia mdogo wake amesafiri. Akauliza amesafiri na nani, na wakati hajui hata kukaa. Baba yake akatoka nje. Mtoto hakuuliza tena, na ukiona mtoto wa kuitwa Chiriku ameacha kuuliza jambo, ujue amekwisha kuuona ukuta.

Mimi nafanya kazi katika jumba la mimea mikavu. Watu wakisikia hivyo hudhani nauza dawa za mitishamba, wananinong'oneza shida zao za tumbo. Sivyo. Wataalamu huenda porini wakarudi na mimea iliyobanwa katikati ya magazeti, na kazi yangu ni kubadilisha magazeti hayo kila asubuhi kabla hayajashika ukungu, kisha kuitia mimea kwenye kabati la joto hadi ikauke kabisa. Ikishakauka naipeleka kwa mzee mmoja tunayemwita Gundi, ambaye huibandika kwenye karatasi ngumu na kuishona kwa uzi pale inapokataa kushika. Gundi ana msemo wake: "Mmea ukifika mezani kwangu, umeshaacha dhambi zote." Kila mmea una jalada lake kabatini, na katika makabati hayo yamo majani yaliyochumwa kabla bibi yangu hajazaliwa, bado yana rangi. Niliingia humo nikitokea masomo ya jioni, nikiwa na mimba ya Chiriku na mkoba wa daftari, na niliipenda kazi ile siku ya kwanza. Baada ya msiba niliipenda kupita kiasi. Mmea mkavu hauna tena la kukutenda. Hauoti, haunyauki. Unaufunika, unauweka rafu yake, na kesho unaukuta ulivyouacha.

Kaburini nilikuwa nakwenda peke yangu, kwa siri, nikitoka sokoni. Siku moja mwisho wa mvua nikakuta mmea wa kutambaa umepanda juu ya kibao cha mwanangu. Majani yalikuwa na umbo la moyo, yameanza kuingia manjano. Shina lilikuwa na vinywele vyekundu vilivyolala upande mmoja kama manyoya ya paka anayepapaswa. Na chini ya majani vilining'inia vitunda vikavu vyenye mabawa matatu. Nilishika shina niling'oe, maana kazi iliyonipeleka pale ilikuwa kupalilia. Mkono ukagoma. Mtoto yule sikuwa na picha yake hata moja. Nguo zake zilikuwa za kuazima, zilirudishwa kwa wenyewe. Katika dunia nzima hapakuwa na kitu ninachoweza kukishika nikasema hiki kimetoka kwake. Nikakata kipande cha mmea, chenye majani na vitunda, nikakilaza ndani ya gazeti lililofungia nyanya.

Kesho yake nikakisukuma chini kabisa ya rundo, kwenye kabati la joto, pamoja na mimea ya ofisi. Nilitaka kikauke vizuri, nikakifiche chini ya nguo zangu.

Aliyekiona kwanza ni Daktari. Ndivyo tunavyomwita mkuu wetu, ingawa hajawahi kumdunga mtu sindano; ni daktari wa mimea, mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini, miwani yake imefungwa uzi shingoni kwa kuwa huipoteza ikiwa usoni. Alikuwa anatafuta mmea wake mwingine, akafunua gazeti langu.

"Hiki cha nani?"

"Changu, Daktari. Unisamehe, nilikiokota tu."

"Wapi?"

"Njiani."

Hakuuliza zaidi. Akakisogeza dirishani, akakiinamia na lenzi, akakaa hivyo mpaka nikadhani amesinzia. Kisha akaanza kushusha majalada ya viazi vikuu vya porini, moja baada ya jingine, akiyafunua juu ya meza ya Gundi bila hata kumwomba mzee wa watu ruhusa. Alasiri nzima ikapita. Meza ikajaa majani ya umbo la moyo.

"Hayumo," akasema mwishowe.

"Nani hayumo?" Gundi akauliza.

"Huyu. Ni ndugu wa kiazi kikuu, hilo halina ubishi, tazama mabawa. Lakini kati ya ndugu wote tunaowajua, hayumo. Vinywele hivi sijaviona popote."

Gundi akavua kofia, akajikuna. "Yaani ukoo mzima wa kiazi umekaa vikao miaka yote hii, kumbe kuna mtoto wa nje?"

Daktari akacheka. Ni mara chache sana utamwona Daktari akicheka. Nami nikacheka, kisha nikaenda msalani nikalia, nikanawa uso, nikarudi kubadilisha magazeti.

Akatuma picha kwa wenzake wa majumba mengine ya mimea. Majibu yakaja polepole, yote yakiwa na neno lile lile: hatumjui. Daktari akawa kama mtu aliyepata jirani mpya. Alinieleza sababu. Viazi vya mashambani, alisema, tumevidekeza kama watoto wa tajiri. Tumevichagua kwa utamu na unene, vimesahau kupigana. Ukija ugonjwa wa kuozesha, shamba zima linalala. Huyu wa porini amekulia shida, hana wa kumpalilia, na bado yupo. Huenda ndani yake kuna kitu ambacho ndugu zake wa shambani wamekipoteza. "Lakini lazima awe hai," alisema. "Mkavu anatupa sura tu."

Akatoa mbegu kwenye vile vitunda, nyembamba kama magamba ya samaki, akazitandaza juu ya karatasi yenye maji ndani ya sahani ya kioo. Kila asubuhi tuliinama wote watatu juu ya sahani ile. Hakikutokea kitu. Tukangoja. Gundi akaanza kuzisalimia mbegu kwa heshima, akizibembeleza kama wakwe. Zikavimba kidogo kwa maji, kisha zikaota ukungu wa kijivu.

"Uliviweka kwenye kabati la joto?" Daktari akaniuliza siku hiyo, taratibu, kama anayejua jibu na anatamani asilisikie.

"Ndiyo, Daktari. Kama kawaida."

"Joto lile lile la majani manene?"

"Lile lile."

Akaifunika sahani. Hakunilaumu, na hilo ndilo lililonichoma. Mtu mwingine yeyote angekitupa kipande kile juu ya kabati la vyombo, angekisahau kwenye mkoba, na mbegu zingeishi. Ni sisi tu wa jumba lile, tuliofundishwa kukausha mpaka unyevu wa mwisho, tungeweza kuziua kwa ustadi namna ile. Nilikuwa nimechukua kitu pekee kilichotoka kwa mwanangu kikiwa hai, nikakipika.

"Basi tumrudie mwenyewe," Daktari akasema. "Mahali fulani kuna dume lake. Viazi hivi jike na dume ni mimea miwili, na pasingekuwa na dume, vitunda vingekuwa vitupu. Mdudu fulani anapajua. Nionyeshe hiyo njia yako."

Nikampeleka hadi nje ya makaburi tu. Akaingia kichakani na vijana wa ofisi, wakatafuta mpaka jioni, siku ya pili na ya tatu. Walirudi na mikwaruzo. Kichaka chenyewe kilikuwa kimebaki kama ndevu kidevuni. Pande zote nyumba, mahindi, mifugo. Siku ya tatu nilimwona ameketi juu ya jiwe anang'oa miiba kwenye kiganja, amechoka, na sauti ikanitoka kabla sijaituma.

"Hakipo huko, Daktari. Kipo juu ya kaburi la mwanangu."

Daktari alijua kwamba nilipoteza mtoto. Alikuja mazishini, akasimama nyuma. Alivaa miwani, akaivua.

"Sikujua," alisema.

"Sikusema."

"Ninachohitaji kiko chini. Ukoo huu hutambulikana kwa kiazi chake, na sasa mbegu hatuna. Lakini uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Nimekueleza kwa kuwa ungejua tu. Kukuomba, sikuombi."

Jioni ile nilipitia karakana ya mume wangu. Alikuwa anapiga randa tendegu la kitanda, maranda yamemfika vifundoni. Nilisimama mlangoni nikiwa na maneno niliyoyapanga njia nzima, yote yakatawanyika.

"Kuna mmea umeota pale," nikasema.

"Pale wapi?"

"Kwa mtoto."

Randa ikasimama katikati ya ubao.

"Ulikwenda lini?"

"Huwa nakwenda. Nikitoka sokoni."

"Peke yako?"

"Ningekwenda na nani, Baba Chiriku? Wewe hata kumtaja humtaji."

Akapuliza maranda juu ya ubao, ingawa hayakuwapo. "Mimi napita kila alfajiri," alisema. "Kabla sijafungua hapa. Mmea nauona. Ulikuwa unatambaa chini, mimi ndiye niliyeuelekeza upande kibaoni. Nilidhani utampa kivuli."

Nilishika mwimo wa mlango. Misimu miwili ya mvua tulikuwa tumepishana pale kama walinzi wa zamu, yeye asubuhi, mimi jioni, kila mmoja akificha nyayo zake. Huenda ningemwendea wakati ule. Huenda angeiweka randa chini. Lakini nilikuwa nimekuja na neno, na neno lililokwisha kufika ulimini halirudi tumboni. Nikamweleza habari za Daktari, za ndugu wa kiazi asiyejulikana, za mbegu nilizoziua. Nikamweleza kwamba kinachotakiwa ni kiazi cha chini.

"Wachimbe."

"Kidogo tu. Kipande."

"Chini ndiko aliko mwanangu."

"Hata mimi ni mwanangu."

"Na mzizi umepita wapi? Unajua? Waulize hao wasomi wako wakupimie mzizi umepita wapi, halafu uje uniambie nikuelewe." Sauti yake ilikuwa imepanda mara ya kwanza tangu mazishi, na badala ya kuogopa, nikaipokea kama mvua. "Ulimkata, ukampeleka kazini, ukamtia kwenye magazeti. Sasa unataka nikuchimbie na kilichobaki. Nenda kawaambie hakuna kiazi, Mama Chiriku. Waambie kimeoza."

Nilirudi nyumbani na maranda yamening'ang'ania kwenye soksi. Sikuwa na hasira naye. Alichosema kilikuwa kile nilichokiogopa mwenyewe kila nilipofumba macho: ule mzizi mweupe ukishuka gizani, ukipapasa, ukitafuta njia.

Nikamwambia Daktari hapana. Akaitikia kwa kichwa. Akaanza kuuandika mmea kwa kile kipande kimoja, majani na vitunda na vinywele, na mahali pa kiazi akaacha wazi. Gundi alikibandika bila mzaha hata mmoja, akashona shina kwa uzi mwembamba kuliko wote alionao. Karatasi ile ingewekwa ndani ya jalada jekundu, jalada la vile vipande vya kwanza vinavyoupa mmea mpya jina lake. Nilipoitazama imekamilika nilijiona nimefika pale nilipotaka kufika siku ile ya gazeti la nyanya: kitu cha mwanangu, kikavu, kimetulia, hakitanitenda tena. Nikangoja faraja. Nilingoja sana. Hakuna kilichokuja ila harufu ya gundi.

Nyumbani ububu ukawa mzito zaidi, maana sasa kila mmoja alijua mwenzake anajua.

Kisha, asubuhi moja ya ukungu, mume wangu alitoka kama kawaida, kisha akarudi nyumbani badala ya kufungua karakana. Alisimama mlangoni, mikono imejaa udongo hadi viwikoni.

"Vaa viatu twende."

"Kuna nini?"

"Nungunungu." Akaketi kizingitini, akajifuta uso kwa bega. "Ananusa viazi. Kaburi la pembeni, lile la pacha, amelifukua kumbe ni mizizi ya magugu tu. La kwetu ameanza kulichimba ubavuni, kibao kimelala upande. Nimefukia, nimeweka mawe. Mawe hayamzuii yule, atarudi tu usiku. Kiazi kikiwa pale, atarudi kila usiku mpaka akipate."

Akatazama mikono yake.

"Mwite Daktari wako. Kama ni kuchimbwa, basi achimbwe na watu wanaomjua."

Chiriku alikuwa amesimama nyuma yangu na shimizi lake, mswaki mdomoni. Nilikuwa namtafutia jirani wa kumwachia. Baba yake akasema, "Aje." Nikamtazama. "Aje tu," akarudia. "Mpaka lini?"

Daktari alifika na mfuko wa gunia, kisu na majivu ndani ya kopo. Alisimama mbali, penye kaburi la mwisho la watu wazima, mpaka mume wangu alipomwita. Ukungu ulikuwa umelalia kona yote, nyasi zinalowesha vifundo, na mmea umekauka juu ya kibao kilichoinama, umebaki kamba ya kahawia. Daktari alitaka kutoa mwiko wa chuma. Mume wangu akatikisa kichwa, akapiga magoti.

Akachimba kwa mikono. Alichimba kama anavyotafuta nyufa kwenye ubao ghali, kwa ncha za vidole, akitoa kiganja kimoja cha udongo na kukilaza juu ya shuka kuukuu niliyoitandaza, ili usipotee hata chembe. Nilipiga magoti upande wa pili. Mwanzo nilishika shuka tu. Kisha nikaona mikono yangu imeingia shimoni pamoja na yake, udongo ukijaa chini ya kucha zangu. Kwa muda mrefu sikuwa nimegusa udongo. Nilikuwa nagusa karatasi.

Tukakifikia kichwa cha kiazi, chenye magamba, kinene kama ngumi. Kutoka hapo kilishuka chini wima, na nikaona mume wangu anapunguza mwendo, midomo ameibana. Alifuata kwa kidole kimoja. Akasimama. Akafuata tena.

"Kimekata kona," alisema.

"Nini?"

"Kimeshuka, kimekata kona. Tazama. Kimeelekea kichakani."

Ilikuwa kweli. Kwenye kina cha mkono mmoja hivi, kiazi kilikuwa kimejipinda, kikaacha upande wa mtoto na kwenda kando, kirefu, chembamba, kimejaa vijimizizi vyenye udongo. Sijui kama ni jiwe lililokigeuza au ni ugumu wa ardhi. Sikuuliza, na Daktari, ambaye bila shaka alijua, hakusema. Mume wangu aliketi juu ya visigino vyake akafunika macho kwa nyuma ya mkono, mabega yakaanza kumtingishika. Nikavuka shuka nikamshika kichwa. Alilia kwa sauti yake ile ya zamani, sauti ya mtu wa makelele, na ndege wakaruka kichakani. Chiriku alitutazama, kisha akamtazama Daktari, kama anayeuliza kama hii inaruhusiwa.

Daktari alikata chini ya kichwa, akapaka majivu kwenye jeraha. Kipande kirefu akakiviringisha kwenye gunia lenye unyevu. Sehemu kubwa ni ya bustani, alisema, tuone kama kitachipua, na kijisehemu kwa jalada. Kichwa alikirudisha mikononi mwa mume wangu. Kikirudishwa ardhini, alisema, msimu ujao kitatoa shina tena. Alisema "huenda." Daktari hawezi kuahidi, hata akitaka.

"Nungunungu?" nikauliza.

"Nitakitandikia wavu wa kuku juu na kando," mume wangu akajibu, akipenga kamasi. "Nitaukaza kwa vigingi. Aje avunje meno."

Daktari alifunga gunia polepole, kama mtu mwenye neno. "Nitauandikia jina," alisema. "Ni kawaida kuupa mmea jina la mtu. Kama mngependa, ungeitwa kwa jina la mtoto."

"Hakuwa nalo," nikasema.

"Alikuwa nalo," mume wangu akasema.

Nikamgeukia. Alikuwa anatazama kile kichwa cha kiazi kiganjani mwake.

"Usiku ule wa kwanza, wewe ulipolala. Manesi walinipa nimshike. Nikamwita. Akafungua jicho moja, akanitazama kama mtu aliyesumbuliwa." Akatabasamu, tabasamu bovu lenye machozi. "Nilikuwa nangoja siku ya kuwaambia watu. Halafu siku haikuja, na mimi nikaona nikilitaja nitakuumiza."

Akanisogelea sikioni, akanitajia. Sitaliandika hapa. Lilikuwa jina la kawaida kabisa, kuna watoto wengi wanaitwa hivyo, na nilipolisikia mtoto yule akapata uso.

"Lakini hilo ni lake," mume wangu akamwambia Daktari. "Mmea mtafutieni jingine."

"Tutauita kwa vinywele vyake," Daktari akasema, na akatuaga. Tulimsikia akikanyaga nyasi mpaka ukungu ukammeza.

Shimo lilikuwa bado wazi. Kabla hatujakirudisha kichwa, Chiriku akasogea ukingoni, mikono nyuma, kama anavyosogea penye kitu alichokatazwa.

"Hapa ni nini?"

Baba yake alinitazama. Sikumwachia lile jibu.

"Mdogo wako yuko hapa," nikasema. "Hakusafiri. Alikufa, tukamzika hapa, mimi na baba yako." Kisha nikamtajia jina. Lilinitoka bila kukwama.

Chiriku alitafuna mdomo wake wa chini. Baadaye akalala kifudifudi juu ya nyasi zilizolowa, na shimizi lake, akapitisha mkono shimoni, kiganja, kiwiko, hadi shavu likagusa ukingo. Baba yake aliinuka nusu amvute, nikamgusa bega, akabaki hivyo hivyo. Tulimwona anafumba macho. Vidole vyake, kule tusikoviona, vilikuwa vinapapasa.

"Huku chini hakuna baridi," akasema.